Miwani ya vitundu na mazoezi ya macho: uzoefu wangu nikiwa na namba -2.50

Ukiivaa miwani hii ya vitundu, hata kama huoni mbali kama mimi, unaona mbali. Ukiivua, macho ni yaleyale. Hilo nalisema mapema kwa sababu bidhaa hii inauzwa kama tiba, na kuna wazazi wanaowavua watoto miwani ya hospitali ili wawavalishe hii.

Niliyotumia ni fremu ya plastiki nyeusi. Mahali pa lenzi pana kibao chenye matundu mengi, kila moja kama milimita 1. Inakuja na kijitabu cha mazoezi: kuzungusha macho, kuyafunika kwa viganja, kutazama kidole kisha mti ulio mbali.

Maandishi yaliyokuwa ukungu yanasomeka papo hapo, na sababu yake inaeleweka. Jicho lisiloona mbali kwa kawaida limerefuka: milimita 1 tu ya ziada huleta kama diopta 2.5 hadi 3 (diopta ndicho kipimo cha namba ya miwani). Taswira inatua mbele ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na kila nukta ikifika kwenye retina imeshatawanyika kuwa duara. Tundu dogo huzuia miale ya pembeni, duara linabana, ukungu unapungua. Ndicho tunachofanya tunapokunja macho kusoma kibao cha daladala. Urefu wa jicho haujaguswa.

Kero zake: mwanga hupungua sana, hivyo jioni haifai. Kuna wavu mweusi mbele yako muda wote, na fremu ikihama kidogo vitu vinaonekana viwili viwili. Pembeni huoni vizuri, kwa hiyo usiendeshe chombo, usivuke barabara wala kushuka ngazi nayo. Jua pia usilitazame kupitia matundu hayo.

Mazoezi yanatokana na mafundisho ya William Bates, daktari wa macho wa New York aliyefariki 1931. Aliamini kwamba misuli inayozungusha jicho ndiyo inayolibadilisha umbo ili lilenge. Kazi hiyo hufanywa na lenzi iliyo ndani ya jicho, na kwa mtu mwenye jicho refu, anapotazama mbali lenzi hiyo huwa imeshalegea kadiri inavyoweza. Kufunika macho kwa viganja kunapumzisha baada ya kazi ya kompyuta, na kwa hilo nakupendekeza. Namba hakuigusi.

Usiamini hisia, pima. Vua miwani, funika jicho moja, shika maandishi madogo karibu, kisha yasogeze taratibu hadi kingo za herufi zianze kuota ukungu. Mtu akupimie kwa futikamba kutoka pembe ya jicho hadi kwenye karatasi, kwa sentimita. Gawanya 100 kwa jibu: sentimita 40 ni diopta 2.5, sentimita 50 ni 2. Tumia karatasi ileile, saa ileile, taa ileile, wala usikunje macho. Taa ndiyo inayodanganya wengi: penye mwanga mkali mboni hubana, nayo hufanya kazi kama tundu, hivyo ukipima leo sebuleni na kesho barazani utadhani umepona. Pia ubongo huzoea ukungu. Mtu akishinda bila miwani huanza kutambua herufi zaidi ilhali namba haijasogea. Kwangu futikamba ilibaki kwenye 40.

Wapo wanaopata nafuu ya kweli. Hasa watoto na wanafunzi, misuli ya kulenga inaweza kukaza kwa kusoma karibu mno, jicho likaonekana halioni mbali. Daktari huweka matone ya kuilegeza kisha hupima upya. Namba ikishuka sana, tatizo lilikuwa mkazo. Kwa mtoto, omba kipimo hicho kabla ya kununua chochote.

Usinunue namba ndogo ili “kulizoesha jicho”. Katika utafiti wa Malaysia uliochapishwa 2002, watoto waliopunguziwa nguvu ya miwani makusudi macho yao yaliharibika haraka kuliko ya waliopewa kipimo kamili. Karoti ni chakula kizuri, ila hazifupishi jicho. Asali na maji ya majani yasitiwe machoni kabisa. Vinaweza kuleta vidonda kwenye kioo cha jicho.

Cha asili chenye ushahidi ni mwanga wa nje, tena kwa watoto ambao macho bado ni mazima. Guangzhou, China, baadhi ya shule ziliongeza dakika 40 za nje kila siku ya shule. Baada ya miaka 3 walioanza kutoona mbali walikuwa kama asilimia 30, dhidi ya karibu 40 kwa wenzao wa shule ambazo hazikuongeza.

Mimi nimerudi kwenye lenzi za kipimo kamili, na nimeridhika. Namba hii ina faida yake: wengi wakipita miaka 45 hutafuta miwani ya kusomea, mwenye -2.50 huivua tu yake akasoma kwa sentimita 40.

Matundu yana matumizi moja mazuri, nayo hayahitaji ununue kitu. Toboa kadi ngumu kwa sindano nene, tazama mbali kwa jicho moja. Ukiona vizuri zaidi, huenda miwani itakusaidia, nenda kapimwe. Usipoona tofauti, inaweza kuwa mtoto wa jicho au tatizo la retina: muone daktari wa macho. Ukiona mimweko, vidoa vingi vya ghafla au kama pazia linashuka, nenda siku hiyohiyo.