Uzoefu wangu na "wataalamu wa miti" wa hapa Malindi: niliagiza matawi mawili, wakaondoka na kichwa cha mkwaju

Nyota mbili, na hata hizo nazitoa kwa shingo upande. Ya kwanza ni ya usafi: walifagia ua wote, hadi vumbi la msumeno lililoingia kwenye vyungu vya maua. Ya pili ni ya kijana wao mmoja anayepanda juu, nitamfikia. Mengine, kuanzia msimamizi wao hadi miche waliyoniuzia, msithubutu. Jina la kampuni silitaji, maana ugonjwa huu si wa kampuni moja. Siku hizi mjini kila pikapu yenye ngazi na msumeno wa injini imeandikwa ubavuni "wataalamu wa miti".

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mkwaju wa zamani uani, matawi yake mawili yamelalia paa la makuti. Tawi likilalia makuti, paa halikauki sawasawa wakati wa masika, vijani vya mkwaju vinajaa kati ya safu, makuti yanaoza kabla ya wakati wake na panya wanapata njia. Kwa hiyo yatoke hayo mawili, pamoja na vijiti vikavu vya ndani. Mengine yaachwe. Msimamizi akaitikia, "Sawa mzee wangu, hiyo ni kazi ya asubuhi moja."

Kweli ikawa ya asubuhi moja. Adhuhuri mkwaju hauna kichwa. Matawi makuu yamekatwa katikati, yamebaki vigutu vyenye kipenyo cha sentimita 20 na zaidi vinatazama mbinguni. Msimamizi alipoulizwa hakuvua hata miwani yake ya jua: "Mzee, mti ni kama nywele. Ukinyolewa si unaota tena?" Akawageukia vijana wake, wakacheka.

Hilo la nywele ndilo lililonikalisha kuandika. Unywele unatoka kichwani umeshakufa, ukikatwa mwenyewe hapungukiwi kitu. Tawi liko hai. Majani yake yanatengeneza chakula, mbao yake inahifadhi wanga wa kuutoa mti katika kiangazi. Mtu anayeijua kazi haondoi zaidi ya robo ya majani mabichi kwa mwaka mmoja, na kwa mti mzee anaondoa pungufu ya hapo. Hapa yalikwenda mengi mno, na mti uliofanyiwa hivyo huchipua kwa pupa kuzunguka mdomo wa kila kigutu. Jirani akiona kijani anasema umepona. Haujapona! Chipukizi la aina hiyo limetokea chini ya gome tu. Tawi la asili hukua pamoja na shina, na kila mwaka mbao mpya ya shina hulizunguka na kulishika pale linapotokea. Chipukizi halina mshiko huo, na huku nyuma kigutu kinaoza kutoka juu kushuka chini. Miaka michache mbele machipukizi yamekuwa matawi mazito yaliyoshikwa na mbao iliyooza, kisha kusi inaanza kuvuma.

Na mkwaju ni miongoni mwa miti inayostahimili upepo vizuri kabisa hapa pwani. Mbao ngumu, matawi yanayopinda bila kukatika, mizizi iliyokwenda chini. Wameukuta mti salama, wakaugeuza hatari, na kwenye risiti wakaandika "kuondoa hatari". Wallahi, ndivyo ilivyoandikwa.

Kuna na jua. Gome lililokaa kivulini miaka yote likifunuliwa ghafla huungua, hasa upande wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri. Hupasuka, na wadudu wanaotoboa mbao wakapata pa kuingilia.

Haya, tuyaache ya juu. Hata yale matawi mawili niliyoyaagiza, moja tu ndilo lililokatwa kama inavyotakiwa. Tawi zito huondolewa kwa mikato mitatu. Wa kwanza unatoka chini: kiasi cha sentimita 30 kutoka shinani, msumeno uingie robo hadi theluthi ya unene wa tawi, usizidi, la sivyo utabanwa. Wa pili ni wa juu, sentimita chache mbele ya ule wa kwanza, mpaka tawi lianguke. Likipasuka, mpasuko unakomea kwenye mkato wa chini na shina linabaki salama. Wa tatu unaondoa kigutu kilichobaki, na huu ndio wa kuangalia kwa makini. Pale tawi linapotokea shinani pana uvimbe wenye mikunjomikunjo, tuuite ukosi wa tawi. Msumeno upite nje ya ukosi huo, sambamba na mteremko wake. Ukiuparua ukosi ukakata kubana na shina, umeondoa sehemu ileile ambayo ingefunika jeraha. Ukiacha kigutu kirefu, kinakufa na kuoza kuelekea ndani.

Tawi la pili lilikatwa kutoka juu tu, mkato mmoja. Lilielemewa kabla msumeno haujafika nusu, likavunjika na kuchuna gome la shina urefu wa mkono mzima. Simama karibu utazame: gome la kijivu limejikunja pembeni, chini yake mbao ya nje ya manjano hafifu ina unyevu bado, na pale juu tawi lilipong'oka pamepasuka hadi kwenye kiini cha hudhurungi iliyokoza. Mbao ya kiini ikishafunuliwa, kuvu wa kuozesha wamefunguliwa mlango.

Jeraha kama hilo lina tiba yake, ndogo tu. Unachukua kisu kikali, unakata gome lililobanduka mpaka linaposhikana na mbao, hugusi lililo hai, kisha unaliacha wazi likauke. Msimamizi yeye alileta kopo la oili chafu na brashi. Oili ya injini! Nilimwambia asithubutu, akajibu kwamba "wateja wote wa Kizungu wa barabara ya ufukweni" hupakiwa hiyo hiyo. Sasa wateja wa Kizungu wakipakiwa ndiyo mti hufaidika? Oili chafu inaua tishu hai za ukingoni mwa jeraha, na hizo ndizo zinazokuza mbao mpya ya kulifunika. Mmarekani Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya nchi yake, alipasua miti kwa maelfu akachunguza ndani yake, akaonyesha kwamba mti haurudishi mbao iliyojeruhiwa katika hali yake. Hujenga kinga ndani kuuzuia uozo usienee, kisha hufunika kwa mbao mpya. Rangi, lami na oili hazizuii uozo. Jambo hili linajulikana tangu miaka ya 1970 na 1980, na bado kopo limo ndani ya pikapu.

Nisiwe dhalimu lakini. Yule kijana wa juu anajua kazi. Hakupanda na viatu vya misumari vinavyotoboa gome, alipanda kwa kamba. Alifunga kamba moja mwilini na nyingine kwenye tawi, akaipitisha kwenye panda la juu, akaliteremsha tawi vipande vipande na hakuna hata kuti moja lililosogea. Mkato wake ulipita nje ya ukosi barabara. Kama ningeandika dakika ile, wangepata nyota tano na sifa juu. Tena alipoamriwa kukata matawi makuu aliuliza kutoka juu, "Bosi, hapa katikati? Si tulisema ya paa tu?" Nilimsikia kwa masikio yangu. Jibu lililopanda: "Kata, lori linangoja."

Lori! Hapo ndipo kilipolala kichwa cha mkwaju. Bei yao ina punguzo ukikubali kuni ziwe zao, na kuni za mkwaju zina soko kwa sababu makaa yake ni mazito na yanawaka muda mrefu. Fundi anayelipwa kwa kuni atakata kwa haja ya kuni. Kwa hiyo ile nyota ya usafi niliyotoa pale juu naifuta. Walifagia kwa kuwa hata vijiti walivitaka.

Anayetaka kuwaita watu kama hawa, kuni zibaki uani mwake, auze au agawe mwenyewe. Kila tawi la kukatwa lipigwe chaki palepale msumeno utakapopita, na malipo yahesabiwe kwa matawi yenye chaki. Asiyekubali chaki aende zake.

Tuje kwenye miche. Waliishusha siku hiyohiyo, "miti ya asili ya pwani", nami nikaipokea kabla mambo ya juu hayajaharibika. Ndani ya hiyo asili mlikuwa na mwarobaini, mvinje na mkrismasi. Mwarobaini asili yake ni Bara Hindi na Burma. Mvinje ni wa Asia ya kusini-mashariki na Australia. Mkrismasi umetoka Madagaska. Siichukii, mvinje una biashara yake ya nguzo na watu wanaishi kwayo. Mwarobaini una dawa na kivuli, ila mbegu zake husambazwa na ndege, ukaota hadi mahali ambapo hakuna aliyeupanda na kuisonga miti ya asili ya hapa. Lakini anayenunua mti wa asili apewe wa asili.

Iliyokuwa ya kweli ni mbambakofi na mnwamaji. Nikachana kiriba cha mbambakofi, yaani mfuko uliooteshewa mche. Mzizi mkuu ulifika chini, ukakosa pa kwenda, ukapinda na kuzunguka kitako cha kiriba, mnene kama kidole. Mche wa hivyo unaweza kuonekana mzima miaka kadhaa, kisha mizizi iliyojizungusha inanenepa na kujinyonga yenyewe, au mti unaangushwa na upepo kwa sababu haukujishika. Mizizi myembamba inayozunguka inatibika: kata kwa kisu kikali wima, pande tatu au nne, na ncha iliyopinda iondolewe pale inapoanzia kupinda. Ikishakuwa minene na kufungana fundo, rudisha mche, usipandie huruma. Mche mfupi wenye shina nene ni bora kuliko mrefu uliokaa kitaluni hadi ukapitwa na wakati. Kabla ya kulipa, tazama kitako cha kiriba. Mzizi ukiwa umeshatoboa na kuingia ardhini, umechelewa.

Msimamizi alishauri shimo la "futi tatu kwenda chini" na debe zima la samadi. Samadi mbichi inaunguza mizizi, na shimo refu lililojazwa udongo laini hushuka, shina likazama na kuoza. Kina cha shimo kiwe sawa na urefu wa kiriba, upana mara mbili au tatu ya hapo. Penye mwamba wa matumbawe vunja pembeni kwa mtaimbo ili mizizi ipate nyufa. Jaza maji kwanza. Yakilala hadi kesho yake, tafuta mahali pengine. Rudisha udongo uleule uliouchimba, ukichanganya na mboji iliyoiva kidogo ukipenda, na shingo ya mizizi, pale shina linapokutana na mizizi, iwe usawa wa ardhi. Tandaza majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina. Panda mvua za masika zikishashika, kisha mwagilia kiangazi cha kaskazi, ndoo ya lita 10 taratibu mara mbili kwa wiki. Onja maji kwanza: visima vingi vya huku vina chumvi, na ncha za majani zikianza kuungua usiongeze maji hayohayo.

Mahali pa kupanda, kwa kifupi. Karibu na bahari, mtondoo au mkunazi. Penye nafasi, mkwaju au mbambakofi, mita 8 au zaidi kutoka ukutani. Mnwamaji kwa kivuli cha mwaka mzima palipo na unyevu. Mkuyu usikaribie kisima wala shimo la choo. Anayetaka mbegu za kuaminika, KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, wana kituo Gede, na msitu wa Arabuko-Sokoke uko hapo hapo jirani, mtu akatazame mbambakofi mkubwa ulivyo kabla ya kuupanda chini ya nyaya za umeme.

Mkwaju wangu sasa. Umepakwa chokaa iliyozimuliwa kwenye magome yaliyofunuliwa, haupewi mbolea, unamwagiliwa. Machipukizi hayaguswi kwa mwaka, kwa sababu mti unayahitaji kwa chakula. Baada ya hapo, kwenye kila kigutu yatachaguliwa mawili au matatu yenye nguvu na yaliyoachana, mengine yataondolewa kidogokidogo kwa miaka kadhaa. Ni gharama kila mwaka, ya mtu mwenye kamba na akili, kwa kosa la asubuhi moja.

Wamepiga simu wakitaka salio. Wakaongeza kwamba machipukizi yakirefuka watarudi "kunyoa" kwa bei ya mteja wa zamani. Basi nyota moja, na ni ya yule kijana peke yake. Ingekuwa inawezekana, ningemwandikia yeye na kampuni niiache patupu. Anayejua aliko siku hizi, kama ameachana nao, amwambie kuna kazi ya mkunazi na malipo ni mkononi. Chaki ipo.