ASTRAL kwa wenye miti ya jeni inayogombana

Jamani kama una miti ya jeni (michoro ya ukoo wa spishi, kila mmoja umetokana na jeni moja) mia kadhaa na kila mmoja unasema lake, jaribu programu ya ASTRAL, ni ya bure, ilitoka 2014, toleo nililotumia lilihitaji tu Java iwe kwenye kompyuta. Mi nilikuwa na furu wa Ziwa Victoria, hawa samaki wametengana juzi tu (ziwa lenyewe lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita) kwa hiyo jeni zao zinabishana balaa. Yenyewe inaangalia spishi nne nne, mpangilio gani umejirudia sana kwenye miti yako, halafu inakutafutia mti mmoja unaoendana na mingi zaidi. Kwenye laptop yangu kuukuu ilimaliza chai haijapoa.

Mara ya kwanza samaki mmoja akatokea mara mbili, nikaanza kuisema vibaya programu ya watu kumbe ni mimi, faili moja nimeandika jina kwa herufi kubwa jingine kwa ndogo 😅

Kinachoniudhi haina vitufe, ni kuandika amri kwenye skrini nyeusi, na urefu wa matawi ya mti haikupi kwa miaka, kwa hiyo ukitaka kujua nani alihamia ziwa lipi lini itabidi utafute programu nyingine. Nyota 4.