Kompyuta imezeeka? Usikimbilie kununua nyingine

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 haina tena msaada wa kawaida wa Microsoft. Windows 11 nayo inachagua sana: inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida kizazi cha 8 kuendelea. Ndivyo mashine nyingi nzima zinavyogeuzwa kuukuu.

Kabla ya kuchagua mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, angalia diski. Kama bado ni ile ya kuzunguka, weka SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi) kwanza. Watu hulaani prosesa isiyo na kosa lolote, kumbe mzigo uko kwenye diski. RAM (kumbukumbu ya kazi) nayo iongeze ifike GB 8 kama nafasi ipo. Kwenye laptopu nyembamba mara nyingi imechomelewa, huna la kufanya.

Namba moja kwangu ni Linux Mint, mfumo unaowekwa badala ya Windows. Ni ya bure, menyu iko pale pale kushoto chini ulikozoea, na LibreOffice inakuja nayo. Huanza na GB 2 za RAM, ila 4 ndiyo raha. Mashine ikiwa dhaifu, chukua toleo la Xfce, lililo jepesi zaidi. Unaiweka kwenye flashi, unawashia kompyuta humo na kuijaribu bila kugusa diski: Wi-Fi, sauti, printa, hata kufunga na kufungua mfuniko. Wi-Fi ndiyo hukorofisha zaidi. Photoshop haina toleo la Linux, na faili za Excel zenye makro (amri za kujiendesha) nyingi huweza kugoma. Kama hiyo ndiyo kazi yako, ruka hadi chaguo la mwisho.

Namba mbili ni ChromeOS Flex ya Google, kwa mtu ambaye kila kitu chake kiko ndani ya kivinjari. Inataka GB 4 za RAM. Haiendeshi programu za Android, jambo linalowashtua wengi wakiwa wameshaisakinisha.

Namba tatu, antiX, Linux nyingine nyepesi, kwa vikongwe vyenye prosesa za zamani za biti 32. Sura haina, lakini inatembea.

Mwisho kabisa, nunua nyingine. Laptopu ya ofisini iliyotumika, ya kizazi cha 8 au zaidi, yenye SSD na GB 8, naipenda kuliko mpya ya bei ya chini yenye hifadhi ya eMMC (ya polepole kuliko SSD) ya GB 64. Kagua betri, bawaba, na kama BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) imefungwa kwa nywila ya mwenye nayo wa zamani.

Vyovyote utakavyochagua, nakili faili zako kwenye diski ya nje kwanza. Kisakinishi kikiambiwa kifute diski, kinafuta kweli.