Njegere au nzi wa matunda: kipi kinafundisha zaidi kuhusu urithi?

Gregor Mendel, mtawa aliyechunguza urithi, alianza majaribio yake ya njegere mwaka 1856, katika bustani ya monasteri mjini Brno, katika Ucheki ya leo. Mmea huu hujichavusha wenyewe, hivyo ni rahisi kupata mbegu safi, yaani zinazozaa mimea yenye sifa ileile kila kizazi. Ukitaka kuuchanganya na mwingine, unakata stameni (viungo vya kiume vya ua) zikiwa changa na kupaka chavua kwa mkono. Sifa zake nazo hazifichiki: mbegu ni ya mviringo au imekunjamana. Alipochanganya aina hizo mbili, katika kizazi cha pili Mendel alihesabu mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana, karibu tatu kwa moja. Kwangu mimi, hakuna hesabu nzuri kuliko hiyo katika biolojia yote.

Ila njegere humngojesha mtafiti msimu mzima. Nzi wa matunda hukamilisha kizazi kwa siku 10 hivi, ndani ya chupa tu. Mwaka 1910, jijini New York, mwanabiolojia Thomas Hunt Morgan alipata dume mwenye macho meupe, na kwa kumzalisha na majike wenye macho mekundu akaonyesha kwamba sifa hiyo hufuatana na kromosomu ya jinsia, yaani uzi ulio ndani ya seli unaobeba urithi na kuhusika na kuwa dume au jike. Njegere zisingemwonyesha hilo, kwa kuwa ua lake lina viungo vya kiume na vya kike pamoja.

Hata hivyo, anayeanza kujifunza ningempa njegere kwanza: mbegu zake huhesabika mezani, bila darubini.