Kliniki ya INR ya Jumanne, Tanga: nyota nne

Machi mwaka jana nilipigwa shoti ya umeme ya moyo Dar es Salaam, na mapigo yakanyooka hapo hapo kitandani. Kwa miezi saba yalikuwa yakienda mrama, mara mbio, mara yanaruka, nikipanda ngazi tatu za barazani natafuta pa kushika. Niliporudi Tanga najisikia mzima, nikazihesabu zile wiki nne nilizoambiwa nisikose warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, baada ya shoti, nikajisemea zikiisha, basi, vidonge kwaheri.

Kliniki hii, ya kupima INR, yaani namba ya jinsi damu inavyochelewa kuganda, ndiyo iliyonizuia.

Daktari hakunikemea. Alichora moyo nyuma ya kadi yangu, kisha ubavuni mwa chumba cha juu cha kushoto akachora kifuko kidogo, kama kidole cha glavu. "Mwalimu, damu ikizubaa humu inaganda. Bonge likichomoka, linapanda kichwani, ndiyo kiharusi. Shoti imenyoosha mapigo, lakini haijakuondolea presha wala hiyo miaka 68." Akahesabu mbele yangu hatari yangu ya kiharusi: umri pointi moja, presha pointi moja, na mbili zinatosha kuendelea na dawa. Nikamwambia mbona nasikia moyo umetulia? Akasema mapigo yanaweza kuvurugika tena usiku nimelala, nisihisi chochote. Hilo sikuwahi kuambiwa na mtu. Kadi ile ninayo mpaka leo.

Nyota nyingine ni za sista wa daftari. Kabla hajafunga mpira mkononi anakuuliza: fizi zinatoa damu? Choo kimekuwa cheusi? Umeanguka? Umemeza dawa gani tangu tuonane? Mwaka jana Juni niliharisha, duka la dawa karibu na kwangu likaniuzia metronidazoli bila kuniuliza natumia nini. Siku chache baadaye mswaki ukawa unatoka mwekundu. INR yangu, inayotakiwa iwe kati ya 2 na 3, ilikuwa 4.7. Sista alikijua chanzo kwa kuuliza tu, daktari akanisimamishia dozi, Ijumaa nikapimwa tena. Sasa sinunui hata dawa ya maumivu bila kuwapigia kwanza, maana diklofenaki na aspirini nazo ni hatari ukiwa kwenye warfarini, na huku kwetu zinauzwa kama peremende.

Kuhusu mboga, nilikuwa nimeacha kabisa mchicha na kisamvu kwa sababu jirani alinitisha kuwa zinapunguza nguvu ya warfarini. Sista akasema, "Kula, mama, ila kiasi kile kile kila wiki. Usishinde siku sita bila jani halafu ya saba ukamaliza sufuria." Tangu niushike utaratibu huo namba zangu zimetulia, na badala ya kila wiki nakwenda mara moja kwa mwezi. Kipimo nalipa shilingi 20,000.

Niliuliza pia habari za dawa mpya kama rivaroksabani, ambazo hazihitaji kupimwa INR. Nilipenda nilivyojibiwa bila kusukumwa. Shirika la Afya Duniani liliziweka dawa za kundi hilo kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, na kwa kuwa valvu zangu, ile milango ya moyo, ni nzima, zingenifaa. Ila dozi ya mwezi mzima ingeila pensheni yangu. Mama tuliyekaa naye benchi moja, ambaye valvu yake imebana kwa ugonjwa wa baridi yabisi uliomshika utotoni, aliambiwa yeye abaki na warfarini hata kama pesa ipo.

Nyota moja nawanyima, na nina sababu. Agosti vitendanishi, zile kemikali za kupimia damu, viliisha na hakuna aliyetupigia simu, wakati namba zetu zote zimo daftarini. Wazee wawili walikuwa wametoka Pangani na basi la alfajiri. Walirudi vile vile, hawajui wameze kidonge kizima au nusu. Kwa dawa hii, kukosa namba si jambo dogo. Niliwaambia uso kwa uso, na hapa naandika tena: pigeni simu.

Ukienda, fika saa moja na nusu asubuhi, damu mwisho kuchukuliwa saa nne. Beba daftari lako na pakiti za dawa zote unazomeza, hata za mitishamba, sista atataka kuziona mwenyewe.