Kituo cha Sheria, Nairobi: tathmini ya huduma inayomfundisha mteja kujitetea

Mfanyakazi wa nyumbani anayefutwa kazi kwa ujumbe wa simu, bila barua na bila mshahara wa mwezi wa mwisho, kwa kawaida hubaki na njia mbili jijini Nairobi: kunyamaza, au kumtafuta wakili ambaye ada yake huenda ikazidi deni lenyewe. Kituo cha Sheria, chenye makao yake katika eneo la Kilimani, kinampa njia ya tatu, nami nakihesabu miongoni mwa mashirika ya kutetea haki ambayo manufaa yake mwananchi wa kawaida anaweza kuyashika mkononi. Nimekifahamu kwa kumsindikiza jirani yangu aliyekuwa na shida ya aina hiyo, na pia kwa kufuatilia kesi ambazo shirika lenyewe limezifikisha mahakamani.

Kituo kilianzishwa mwaka 1973 na mawakili waliojitolea kuwashauri maskini bila malipo. Ili kuelewa uzito wa hatua hiyo, inafaa kukumbuka hali ya wakati ule: mshtakiwa wa mauaji mbele ya Mahakama Kuu alipewa wakili na serikali, lakini mshtakiwa wa wizi wa kimabavu, ambaye kesi yake ilisikizwa na hakimu, aliweza kuhukumiwa kunyongwa bila kuwa na mtu yeyote wa kumsemea. Katika miaka ya 1990, utetezi wa wanyonge ulipokuwa umegeuka kuwa jambo la kisiasa, ofisi za shirika hilo zilirushiwa mabomu ya petroli. Halikufungwa, na leo linahesabiwa kuwa miongoni mwa mashirika ya msaada wa kisheria yaliyodumu muda mrefu zaidi katika Afrika Mashariki.

Lengo lake ni kuwawezesha maskini na waliotengwa wapate haki. Maneno kama hayo yameandikwa kwenye mabango ya mashirika mengi kiasi kwamba sikuyatilia maanani hadi nilipoona yanavyotekelezwa. Jirani yangu hakuwa na mkataba wa maandishi, na alikuwa ameshaamini kwamba kwa sababu hiyo hana kesi. Afisa aliyemhudumia alimwomba afungue simu yake na kutafuta jumbe za M-Pesa za mishahara ya nyuma, kisha wakazipanga mwezi baada ya mwezi kwenye karatasi, tarehe upande mmoja na kiasi upande wa pili, mpaka ajira yote ikaonekana wazi. Alielezwa kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtwika mwajiri jukumu la kuandaa masharti ya kazi kwa maandishi, hivyo ukosefu wa karatasi hiyo unamlemea zaidi mwajiri mwenyewe, na kwamba mfanyakazi hastahili kufutwa kwa kosa lolote kabla ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa na kupewa nafasi ya kujitetea. Barua ya madai ilipoandikwa, alisomewa aya kwa aya. Mwajiri alilipa kabla ya shauri kufika kortini.

Kama lingefika, huenda angesimama mwenyewe mbele ya hakimu. Hili ndilo jambo linalokitofautisha Kituo: kwa kuwa mawakili wake na wale wanaojitolea hawawezi kuzikidhi kesi zote, wateja wengi huandaliwa hati zao, kisha hufunzwa namna ya kuzungumza kortini, kuwasilisha ushahidi na kumhoji shahidi wa upande wa pili. Wapo wanaouona utaratibu huu kuwa msaada nusu. Mimi naona una mantiki, hasa tangu Mahakama ya Madai Madogo ianze kazi mwaka 2021 kwa madai ya kiraia, yasiyo ya ajira, yasiyozidi shilingi milioni 1, ambako mtu anaruhusiwa kujiwakilisha na hukumu inatakiwa kutolewa ndani ya siku 60.

Mtindo huohuo umepelekwa hadi gerezani, ikiwemo Kamiti jijini Nairobi na Shimo la Tewa kule Pwani, ambako wafungwa wamefunzwa kuwa wasaidizi wa kisheria wa wenzao. Aliyehukumiwa ana siku 14 tu za kukata rufaa, na mtu asiyejua kusoma hukumu yake mwenyewe anaweza kuzimaliza siku hizo akisubiri jamaa wamletee wakili asiyekuja.

Kesi iliyolijengea shirika jina kubwa ni ya wakimbizi. Tarehe 18 Desemba 2012 serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wote waliokuwa wakiishi mijini wahamie kambi za Dadaab na Kakuma. Agizo hilo liliwagusa wenye maduka katika mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, watoto waliokuwa shuleni na wagonjwa waliokuwa wakitibiwa Nairobi. Kituo kilikwenda kortini, na tarehe 26 Julai 2013 Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu alilibatilisha agizo hilo kwa misingi ya utu, uhuru wa kutembea na utaratibu wa haki katika maamuzi ya serikali. Mahakama ya Rufaa iliuunga mkono uamuzi huo mwaka 2017. Hata hivyo, ushindi wa kortini haukuwakinga watu na msako wa polisi wa Aprili 2014, ambapo maelfu walikamatwa na wengi kuzuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Ninayataja hayo kwa sababu anayeitazama huduma hii anapaswa kujua kikomo chake: hukumu humpa mtu hoja ya kushika, lakini haimsimamishi askari mlangoni.

Upungufu upo. Ofisi zake kuu ziko Nairobi na Mombasa, na ingawa kuna vituo vya haki vya kijamii katika maeneo mengine, mkazi wa Mandera, kaskazini mashariki mwa nchi, bado yuko mbali na wakili. Shirika hutegemea wafadhili, jambo ambalo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 ilipaswa kulipunguza kwa kuibebesha serikali wajibu huo. Ripoti zake nyingi huandikwa kwa Kiingereza, ilhali wateja wake huongea Kiswahili tangu wanapoingia hadi wanapotoka. Hilo linaweza kurekebishwa bila kungoja mfadhili.

Mwenye uwezo wa kulipa wakili hana sababu ya kwenda huko. Wengine waende mapema, wakiwa na kitambulisho, jumbe za malipo ambazo hazijafutwa na majina ya watu waliowaona kazini, maana madai ya ajira hufungiwa mlango miaka 3 ikipita.