Zabbix au Prometheus kwa seva ya Shela?
Nina seva mbili za Linux: moja iko chumba cha nyuma cha nyumba ya wageni Shela, Lamu, nyingine Mombasa, na ya Mombasa ndiyo inayomchunga mwenzake. Nimezijaribu Zabbix na Prometheus, programu mbili za kuchunga seva.

Prometheus, iliyoanzia SoundCloud mwaka 2012, ni nyepesi kuiweka. Faili moja la programu, halafu node_exporter (programu ndogo inayotoa takwimu za mashine) kwenye seva inayochungwa, poti 9100, basi. Prometheus yenyewe ndiyo huja kuchota takwimu kila baada ya muda. Na hapo ndipo penye kasheshe: intaneti ya Shela ikikatika saa nzima hakichotwi kitu, grafu inabaki na pengo kama jino lililong'oka. Diski ilianza kujaa saa ngapi? Hujui. (Ungeweza kuiweka Prometheus hapo hapo Shela, lakini seva ikifa nani atakwambia?)

Zabbix inakutoa jasho mwanzoni: hifadhidata ya MySQL au PostgreSQL, kurasa za wavuti, menyu tele. Lakini wakala wake wa kizazi cha pili (programu ndogo inayokaa kwenye seva inayochungwa), akiwekwa atume mwenyewe, anaweza kuziandika takwimu kwenye diski mtandao ukiwa chini, kisha akazituma ukirudi. Kwa kawaida hutunza za saa 1. Mimi nimeongeza hadi saa 24.

Kwa kontena (programu zilizofungashwa kila moja peke yake ndani ya seva) zinazozaliwa na kufa kutwa, ningechukua Prometheus bila kusita. Shela sina kontena. Nina mashine moja iliyoliwa na chumvi ya bahari, feni yake inalia kama punda. Nimeiachia Zabbix.